Ukikoroma Halafu Ukanyamaza: Namna ya Kupima na Kutibu Pumzi Inayokatika Usingizini

Utingo wangu ndiye aliyenigundua. Tulikuwa tumepaki Makambako, usiku wa baridi ile ya kule, mimi nimelala kitanda cha chini ndani ya kabini na yeye cha juu. Saa nane usiku akanitikisa bega kwa nguvu. "Mzee! Mzee! Unapumua?" Nikamfokea, nikageuka, nikalala. Asubuhi tunakunywa chai akaniambia, kwa sauti ya kijana anayeogopa kufukuzwa kazi: "Mzee, usinielewe vibaya. Unakoroma kama gari yenye mzigo inayopanda Kitonga, halafu ghafla kimya. Nikahesabu mpaka ishirini na tano. Ndipo ukashtuka kama mtu aliyetolewa majini, ukaanza upya. Usiku kucha ni hivyo."

Nilicheka. Mke wangu alikuwa ameniambia hayo hayo kwa miaka minne, nami nikamjibu kila mara kwamba huo ni usingizi wa mtu aliyechoshwa na kazi halali. Miezi miwili baadaye, saa kumi alfajiri, ndani ya hifadhi ya Mikumi, nilizinduka tairi za kushoto zimeshaingia kwenye changarawe. Kilomita kama mbili zilizopita sizikumbuki hata leo. Na usiku wa kuamkia safari ile nilikuwa nimelala masaa manane mazima. Ningekuwa sijalala ningejilaumu na kuendelea na maisha. Kilichonitisha ni kwamba nililala vizuri, kwa jinsi nilivyojua mimi.

Naendesha malori huu mwaka wa 19, Dar mpaka Tunduma, mara nyingi tunavuka hadi Ndola au Kasumbalesa. Sina elimu ya udaktari. Lakini nimepita njia hii ya kupima na kutibiwa kuanzia mwanzo, nikapotea mahali pengi, na sioni sababu na wewe upotelee pale pale.

Kinachotokea ukilala

Daktari alinieleza kwa mrija wa juisi. Chukua mrija laini, vuta juisi nzito ya parachichi kwa nguvu: mrija unajibana katikati, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyozidi kujibana. Koo liko hivyo. Ukiwa macho, misuli inalishikilia wazi. Ukilala misuli inalegea, na kwa mtu mwenye shingo nene, taya lililorudi nyuma, tonsi kubwa au ulimi mzito, njia inafunga. Kifua kinahangaika kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni kwenye damu inashuka, moyo unakwenda mbio, mwisho ubongo unapiga kengele na kukuamsha kwa sekunde chache tu. Koo linafunguka, unakoroma kwa kishindo, unalala tena. Asubuhi hukumbuki lolote. Pumzi ikikatika sekunde 10 au zaidi, madaktari wanaihesabu kuwa ni moja. Wenyewe wanauita ugonjwa huu apnia ya usingizi.

Mama mkwe wangu aliuita jinamizi, akanisomea dua na kunipa maji ya kunawa uso. Dua sikuikataa, na wewe usiikatae. Ila ujue jinamizi ni kitu kingine: pale unaamka akili iko wazi, unaona chumba, lakini mwili haunyanyuki na kifua kimeelemewa. Kwenye apnia mwili unajirusha, na asiyejua kitu ni wewe mwenyewe.

Tafuta shahidi kwanza

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Unaenda hospitali unasema "daktari, nachoka sana," unapimwa malaria na damu, unapewa vitamini, unarudi nyumbani. Mimi nimepewa vitamini mara tatu. Uchovu peke yake haumpeleki daktari popote. Kila mtu Tanzania hii amechoka.

Mpe simu mtu anayelala chumba kimoja na wewe. Mwombe akurekodi video usiku, si dakika moja, walau dakika kumi, kwa siku mbili tofauti, hasa ukilala chali na hasa alfajiri, maana wakati huo ndipo hali inapochachamaa kwa wengi. Taa ndogo iwake ili kifua kionekane. Kifua kikipanda na kushuka huku hakuna sauti ya pumzi, hapo umepata ushahidi. Unayelala peke yako, weka simu irekodi sauti tu usiku kucha, kisha tafuta zile sehemu za kimya kati ya mkoromo na mkoromo, utazame sekunde zinavyokwenda.

Nilipoona video yangu sikuweza kuimaliza. Mke wangu alikaa pembeni, hakusema "si nilikwambia." Alisema tu, "Baba Zuhura, mimi nimekuwa nikikugusa kila siku ili upumue." Miaka minne hiyo, na yeye halali.

Kisha chukua tepu ya fundi cherehani ujipime shingo, usawa wa kongomeo. Yangu ilikuwa sentimita 45. Halafu jibu maswali manane ambayo madaktari duniani kote wanayatumia, ndiyo au hapana. Unakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia? Mchana unachoka au unasinzia? Kuna mtu ameona pumzi yako ikikatika? Una presha, au unatumia dawa zake? Uzito wako umezidi kipimo cha 35, yaani kilo zako ukigawanya kwa urefu wa mita, ukagawanya tena kwa urefu huo huo? Una zaidi ya miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Ni mwanamume? Ndiyo mbili kushuka chini, hatari ni ndogo. Tatu au nne, ya kati. Tano na kuendelea, usikae nyumbani. Mimi nilikuwa na kilo 108 kwa urefu wa mita 1.70, nikapata saba. Kilichoniokoa kwenye la nane ni kwamba nilikuwa na miaka 47.

Kuna na karatasi nyingine ya kupima usingizi wa mchana, aliyoitunga daktari wa Australia, Murray Johns, ikatoka mwaka 1991. Inataja hali nane, kama kusoma, kutazama televisheni, kukaa abiria kwenye gari kwa saa nzima, au kuwa kwenye gari lililosimama dakika chache kwenye foleni ya barabarani, na kila moja unajipa alama 0 mpaka 3 kwa jinsi unavyoweza kusinzia. Ikizidi 10 si kawaida. Nilipata 17. Pale mizani ya Vigwaza nilikuwa nalala kati ya gari moja kusogea na lingine kusogea, utingo ananigonga.

Akina mama, msidhani haya ni ya wanaume wenye vitambi tu. Baada ya hedhi kukoma hatari inapanda, na wengi hawakoromi kwa kishindo. Wanalalamika kukosa usingizi, kichwa kuuma asubuhi na kukosa raha. Dalili nyingine ambayo watu hawaihusishi kabisa ni kuamka kukojoa mara tatu nne kwa usiku. Nilidhani ni tezi dume. Nilipoanza matibabu, safari za chooni zikabaki moja, au hakuna.

Hospitali: omba kitu kwa jina lake

Nilifika mapokezi nikaomba kumwona daktari wa usingizi. Dada wa mapokezi akaangalia kompyuta yake, akaniuliza kwa upole, "Baba, unafanyiwa upasuaji lini?" Ndipo nilipokumbuka kwamba kwetu daktari wa usingizi ni yule wa nusu kaputi. Kwa hiyo usiseme hivyo. Sema unataka kumwona daktari bingwa wa masikio, pua na koo, au bingwa wa mapafu na mfumo wa hewa, kwa sababu pumzi yako inakatika ukiwa umelala na una video. Neno "video" lilifungua milango kuliko maelezo yangu yote ya nusu saa.

Kama unatumia bima au unaanzia kituo cha afya, omba rufaa iandikwe sababu hiyo hiyo, si "uchovu". Na uliza maswali mawili kwa kuyatenganisha: je, kipimo kinalipiwa? Je, mashine inalipiwa? Nilidhani jibu la kwanza linabeba la pili. Halikubeba.

Daktari mzuri atakuangalia koo na pua, atapima presha, ataagiza sukari na homoni za tezi ya shingoni, na atauliza dawa unazotumia. Mwambie kweli kuhusu pombe na vidonge vya usingizi. Vyote vinalegeza koo zaidi. Mwambie pia kama presha yako haishuki licha ya dawa. Nilikuwa kwenye dawa mbili na bado ninasoma 160 kwa 100, na kumbe sababu mojawapo ilikuwa inalala na mimi kila usiku.

Vipimo ni vya aina mbili. Kuna cha kulala hospitali, unafungwa nyaya kichwani, kidevuni, kifuani na miguuni, mtaalamu anakutazama kwa kamera. Kuna cha kwenda nacho nyumbani, kidogo, chenye mkanda wa kifuani, mrija wa puani na kidude cha kidoleni. Mtu mwenye dalili za wazi kama zangu na asiye na ugonjwa mkubwa wa moyo au mapafu, cha nyumbani kwa kawaida kinatosha. Lakini cha nyumbani kikisema huna kitu wakati video inaonyesha vingine, usikubali yaishe hapo. Omba cha hospitali. Huduma hizi kwetu ziko zaidi miji mikubwa, kwa hiyo piga simu hospitali kadhaa kwanza. Nilipiga tatu, na bei ziliachana karibu maradufu kwa kipimo kile kile.

Tahadhari moja hapa. Kuna watu wananunua kidude cha kidoleni dukani, wanalala nacho usiku mmoja, asubuhi wanasema "nasoma 95, niko salama." Vidude hivyo kwenye ngozi nyeusi vinaweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo, hilo limethibitishwa. Tena havihesabu pumzi zilizokatika. Vikionyesha tatizo, kimbia hospitali. Visipoonyesha, bado hujapimwa.

Usiku wa kipimo

Nilipewa cha nyumbani. Mhudumu alinielekeza mara mbili, na nakushauri umwombe akuache ufunge mwenyewe mbele yake, maana saa nne usiku kule nyumbani hakuna wa kumuuliza. Mkanda wa kifuani ukae usawa wa chuchu, ubane kama mkanda wa suruali baada ya kula, si zaidi. Mrija wa puani upite nyuma ya masikio, ubandike plasta mashavuni, la sivyo utautoa usingizini. Ule wa kwangu ulitoka saa tisa usiku. Bahati nzuri mashine ilikuwa imeshakusanya masaa ya kutosha.

Kucha iwe safi. Rangi ya kucha, piko na hina vinaweza kuharibu usomaji wa kidoleni. Mwenye hina ya harusi asubiri au aulize kama kifaa kinaweza kuwekwa mahali pengine. Anayekwenda kulala hospitali aoshe nywele, asipake mafuta, na mwenye rasta au wigi la kushonea aulize mapema, kwa sababu nyaya za kichwani zinabandikwa kwenye ngozi yenyewe. Ndevu usinyoe ghafla siku hiyo, zibaki unavyoishi nazo. Kunywa dawa zako kama kawaida isipokuwa daktari amekataza. Na usijilazimishe kulala vizuri. Kila mtu hulala vibaya usiku ule, na wanalijua hilo.

Karatasi ya majibu ina maneno mengi. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni wastani wa mara ngapi kwa saa pumzi ilikatika au kupungua sana. Chini ya 5 ni kawaida; 5 mpaka 14 ni hafifu; 15 mpaka 29 ni ya kati; 30 na kuendelea ni kali. Yangu ilikuwa 41. Zidisha kwa masaa sita na nusu niliyolala, unapata zaidi ya mara 260 kwa usiku mmoja. Namba ya pili ni oksijeni iliposhuka chini kabisa. Yangu ilifika asilimia 71. Daktari aliizungushia kalamu nyekundu, akaniuliza kazi yangu ni nini. Nilipomwambia, alivua miwani. "Mzee, usukani uache kwanza mpaka tukutibu." Nilitaka kubishana. Kisha nikakumbuka Mikumi.

Mashine

Matibabu makuu kwa kiwango changu ni mashine ya kusukuma hewa, CPAP, wenyewe tunatamka sipapu. Aliyeibuni ni Colin Sullivan wa Sydney, mwaka 1980, akitumia mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, ila ipulize badala ya kufyonza. Mashine haikupi oksijeni ya ziada. Inapuliza hewa ya kawaida ya chumbani kupitia bomba na barakoa, na ule mgandamizo wa hewa unashikilia koo lisijibane. Watu wanaogopa kwamba itapasua mapafu. Ngoja nikupe hesabu ya kidereva: tairi la lori langu najaza upepo psi 110. Mashine yangu inafanya kazi kwenye sentimita 10 za maji, sawa na psi 0.14 hivi. Kupuliza puto kunahitaji nguvu zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo usidanganywe ununue mtungi wa oksijeni badala yake. Njia ikiwa imefungwa, oksijeni haina pa kupita, na pumzi zinaweza hata kukatika kwa muda mrefu zaidi.

Barakoa ndiyo inayoamua kama utaweza au utashindwa, kuliko mashine yenyewe. Kuna ya kuingia matunduni tu, kuna ya kufunika pua, kuna ya kufunika pua na mdomo. Nilianza na hii ya mwisho kwa sababu muuzaji alikuwa nayo. Ilinivujia machoni wiki nzima, nikawa naamka macho mekundu kama mtu wa gongo. Kumbe saizi ilikuwa kubwa, na masharubu yangu yalikuwa yanaiinua. Nikabadili, nikachukua ya pua, ndogo, na kupunguza masharubu. Jaribu barakoa ukiwa umelala chali na mashine inapuliza, si umesimama dukani. Uso ukilala unabadilika. Na usikaze mikanda kuzuia kuvuja. Ukikaza sana inavuja zaidi na inakuchubua pua. Iinue kidogo, iache ijazwe hewa, iketi yenyewe.

Siku tatu za kwanza nilivua kila baada ya saa moja. Nilihisi kama natoa kichwa dirishani gari ikiwa kasi. Kilichonisaidia ni mhudumu mmoja aliyeniambia niivae mchana, nikitazama mpira, dakika ishirini, bila nia ya kulala. Simba na Yanga nusu ya kwanza nikaivaa yote; majirani waliokuja kutazama walicheka mpaka wakachoka, nusu ya pili hakuna aliyeniangalia tena. Usiku wa saba nikaamka saa kumi na moja, jua bado, nikadhani kuna kitu kimeharibika. Kichwa kilikuwa chepesi. Nilikaa kitandani nikisikiliza jogoo, na ndipo nikagundua kwamba kwa miaka sikuwahi kumsikia jogoo yule.

Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na upepo mdogo na kupanda polepole. Kitumie. Tumbo likijaa gesi, au mdomo ukikauka, au ukiota kidonda puani, usiiache. Rudi kwa aliyekupangia, mara nyingi ni suala la kurekebisha upepo au kubadili barakoa. Wataalamu huhesabu kwamba unaitumia ipasavyo ukifika walau masaa 4 kwa usiku, siku 7 kati ya 10. Lenga usiku mzima, na usingizi wa mchana pia.

Umeme, vumbi, chandarua

Maelekezo ya kwenye boksi yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Umeme ukikatika barakoa haikuui: zile za kufunika uso zina kilango kinachofunguka ili uvute hewa ya nje, nawe utaamka. Lakini usiku huo hujatibiwa. Sehemu inayokula umeme mwingi ni kile kichemsha maji cha kulainisha hewa, si feni. Dar, na joto lile na unyevu ule, nakizima kabisa, na betri ya sola ya nyumbani inanifikisha asubuhi. Makambako na Mafinga, hewa kavu na baridi, nakihitaji.

Kwenye lori usichomeke mashine moja kwa moja kwenye betri. Gari ni volti 24, lakini injini ikiunguruma zinapanda hadi 28 na kushukashuka. Nunua kigeuza umeme kilichotengenezwa kwa mashine yako, ufunge na fyuzi.

Maji ya kichemsha yawe yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yasiyo na chumvi. Ya bomba yanaacha ukoko kama wa birika. Madereva wenzangu, najua mnachofikiria. Hapana. Maji ya betri hayakutengenezwa kwa ajili ya mapafu, na madukani chupa yake inakaa pembeni ya chupa ya asidi inayofanana nayo. Ukikosa maji sahihi, zima kichemsha ulale bila hicho.

Barakoa ifutwe kila asubuhi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, bomba lioshwe kila wiki na kuanikwa kivulini. Jiki na spiriti viache. Chujio la hewa kwetu linajaa haraka. Maelekezo ya kwenye boksi yanasema mwezi, mimi nikitoka barabara ya vumbi naangalia kila wiki. Bomba lipitishe juu ya kichwa, liingie kwenye chandarua kwa juu karibu na ukuta, usiache upenyo upande wa kiunoni, maana nilifanya hivyo na mbu wakanipa malaria ambayo sikuwa nayo. Mchana funika mashine kwa kitambaa safi. Mende wanapenda joto lake, na ukiwahi kumkuta mmoja ndani ya bomba hutasahau kufunika tena. Dawa ya kupuliza ya mbu ipulizwe mapema, mashine ikiwa imezimwa. Na jiko la mkaa lisiwemo chumbani hata siku moja. Chujio halizuii moshi wala ile hewa ya sumu isiyo na harufu.

Bei ya mashine mpya yenye kujirekebisha yenyewe ilinitoa zaidi ya milioni mbili. Ukinunua iliyotumika, iwashe utazame kihesabu cha masaa, badilisha barakoa, bomba na chujio vyote, na mpe mtaalamu akuwekee upepo wako, si wa mwenyewe wa kwanza. Angalia na aina: Juni 2021 kampuni ya Philips iliita mashine zake nyingi zirudishwe, zikiwemo DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji la kupunguza kelele ndani lilikuwa linaweza kumeng'enyeka na kuvutwa na mtumiaji. Baadhi ya mashine za namna hiyo bado zinazunguka mitumbani kwa bei ya kuvutia.

Kama si mashine

Kiwango hafifu kina njia nyingine. Kuna watu pumzi inawakatika wakilala chali tu. Hao, mpira wa tenisi ulioshonewa mgongoni mwa fulana unawafaa sana, mke wangu alinishonea wa kwangu kabla mashine haijafika. Kuna kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, daktari wa meno anakichonga kwa kipimo chako. Kuna upasuaji kwa mwenye kitu cha kukata kinachoonekana. Mtoto anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwani mara nyingi ni tonsi na nyama za puani, na zikitolewa wengi wanapona.

Uzito unasaidia kila mtu mwenye unene. Niliacha soda za njiani na chipsi za usiku, nikashuka mpaka kilo 97 kwa mwaka mmoja. Kipimo cha pili bila mashine kikatoka 24. Kizuri, lakini bado ni cha kati, kwa hiyo mashine inaendelea. Marekani, Desemba 2024, waliidhinisha tirzepatide, sindano ya kupunguza uzito, kwa wagonjwa wa apnia ya kati na kali wenye unene. Ni dawa ya daktari, usiitafute kwa wauzaji wa mtandaoni.

Siku ukifanyiwa upasuaji wowote, hata wa ngiri, mwambie yule daktari wa usingizi, wa nusu kaputi sasa, kwamba una apnia, na nenda na mashine yako wodini.

Kazi

Hili ndilo linalowafanya wenzangu wafiche. Nilikaa na karatasi yangu siku tano kabla ya kumpelekea bosi wa usafirishaji. Aliniweka yadi wiki sita, kupokea magari na kukagua tairi, posho za safari hakuna, na nyumbani tulibana. Kisha nilimpelekea karatasi nyingine kutoka kwenye kumbukumbu za mashine: masaa niliyolala nayo kila usiku, na pumzi zinazokatika zimeshuka mpaka 3 kwa saa. Mashine inaandika yenyewe, hakuna kubishana. Alinirudishia gari. Kama ungekuwa mimi, ungefanya hesabu hiyo: wiki sita za posho, na upande wa pili tani 30 za shaba zinazoshuka Kitonga na dereva aliyelala.

Mpaka utibiwe, kahawa, mirungi na vinywaji vya kopo haviwi dawa. Vinakufungua macho huku ubongo unalala sekunde sekunde.

Omba daktari akuandikie barua fupi yenye muhuri kuhusu mashine. Forodha ya Nakonde waliwahi kunifungulia begi na kuliulizia lile bomba kwa dakika ishirini. Sasa natoa barua, napita. Beba chujio za akiba na barakoa ya akiba. Rudi kwa daktari walau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi uzito ukipanda au mkoromo ukirudi ukiwa umevaa barakoa.

Leo asubuhi mashine yangu imeandika pumzi zilizokatika 2.8 kwa saa. Kesho kutwa tunapakia Kurasini kwenda Ndola. Begi la kijivu la mashine linaingia kabini kabla ya godoro na jiko, na anayelibeba ni utingo, hataki niliguse.